GARI HALIWAKI: TUANZE WAPI?

Gari ni mali ya thamani. Kijijini gari moja hufanya kazi nyingi. Hubeba pamba, mahindi na mbolea. Hupeleka mgonjwa hospitali. Humpeleka mama mjamzito kujifungua.

Mara nyingi gari hilo si jipya. Limenunuliwa likiwa limekwisha kutumika miaka mingi mahali pengine. Magari mengi ya namna hiyo yanayoletwa Tanzania hutoka Japani. Gari lililotumika laweza kufanya kazi nzuri kwa muda mrefu. Lakini iko siku dereva atageuza ufunguo, na gari halitawaka.

Siku hiyo watu hukusanyika. Mmoja husema, "Betri imekufa." Wa pili husema, "La, ni stata." Wa tatu husema, "Liuzeni gari hili." Wote wanakisia. Kukisia ni rahisi, lakini vipuri ni ghali. Fedha za kununulia vipuri zimetoka kwenye jasho la watu.

Somo hili linafundisha jambo moja: tafuta sababu kwanza, ndipo utoe fedha. Si lazima uwe fundi ili uanze kutafuta. Unahitaji macho, masikio, pua na utaratibu.

1. INJINI INAHITAJI NINI ILI IWAKE?

Fikiri juu ya moto wa jikoni. Moto unahitaji kuni, hewa na kiberiti. Kimoja kikikosekana, moto hauwaki.

Injini ya petroli ni hivyo hivyo. Petroli ndiyo kuni. Hewa huingia kwa kupitia chujio. Kiberiti chake ni cheche ya umeme inayotolewa na plagi.

Lakini kuna jambo la nne. Injini haiwezi kuanza kuzunguka yenyewe. Lazima kitu kiizungushe kwanza. Zamani dereva aliizungusha kwa mkono, kwa chuma kilichoitwa hendeli. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, na hendeli iliporudi nyuma iliweza kumvunja mtu mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering. Siku hizi karibu magari yote ya petroli na dizeli huwashwa kwa stata. Stata hupata nguvu kutoka kwenye betri.

Kwa hiyo, ili injini ya petroli iwake, tunahitaji mambo manne:

(1) Betri na stata, ili kuizungusha injini.
(2) Mafuta.
(3) Hewa.
(4) Cheche.

Gari likikataa kuwaka, mara nyingi moja ya mambo haya manne limekosekana. Kazi yetu ni kujua ni lipi.

2. KABLA YA KUGUSA KITU CHOCHOTE

Usalama kwanza. Fanya hivi:

- Tia gia huru, vuta breki ya mkono, na weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu.
- Usivute sigara. Usimulike kwa kibatari wala kiberiti. Tumia tochi. Mvuke wa petroli hulipuka, na hewa inayotoka kwenye betri hulipuka pia.
- Maji yaliyomo ndani ya betri ni asidi kali. Huunguza ngozi na kutoboa nguo. Yakikuingia jichoni, osha jicho kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali.
- Vua saa na pete. Usiache spana iguse vichwa viwili vya betri kwa pamoja.
- Funga vizuri shuka, kanga au shati pana. Injini ikiwaka ghafla, feni na mkanda huweza kuvuta nguo pamoja na mtu.

Baada ya hapo, uliza maswali matatu:

Kwanza, je, usiku taa ziliachwa zinawaka? Pili, je, jana gari lilionyesha dalili yoyote, kama vile kuwaka kwa shida au kukosa nguvu? Tatu, je, mafuta yamo?

Usidharau swali la tatu. Mshale wa mafuta huweza kudanganya, hasa katika gari kuukuu. Kama hakuna mwenye hakika ni lini mafuta yalitiwa, tia lita 5 kutoka kwenye dumu safi, kisha jaribu tena. Magari mengi yamevutwa kwa kamba hadi kwa fundi, kumbe yalikuwa na njaa tu.

3. SIKILIZA GARI LINASEMA NINI

Mgonjwa humweleza mganga mahali panapouma. Gari nalo husema, kwa sauti yake. Washa taa kubwa. Mwambie mwenzako ageuze ufunguo. Wewe simama mbele, kando kidogo, usikilize na uangalie taa.

SAUTI YA KWANZA: Kimya kabisa, na taa haziwaki. Betri haina umeme, au waya wa betri umeachia.

SAUTI YA PILI: "Tak-tak-tak-tak," na taa zinafifia. Betri ina umeme kidogo, au vichwa vyake ni vichafu na umeme haupiti vizuri.

SAUTI YA TATU: "Tak" moja tu, na taa zinabaki kali. Umeme upo. Huenda stata ni mbovu, au waya unaokwenda kwenye stata umelegea.

SAUTI YA NNE: Stata inazunguka kwa nguvu, lakini injini haishiki. Betri na stata ni nzima. Usinunue betri! Tafuta kwenye mafuta, hewa na cheche.

SAUTI YA TANO: Injini inashika, kisha inazimika. Mara nyingi mafuta hayafiki ya kutosha, au hewa haipiti vizuri.

Ukizijua sauti hizi tano, umekwisha kufanya nusu ya kazi. Wala hujatumia hata senti moja.

4. TUANZE NA BETRI

Betri ya gari dogo ni ya volti 12. Ndani ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 hivi. Juu ina vichwa viwili. Kimoja kina alama ya + na kingine kina alama ya –. Alama hizi unazijua tayari kutoka katika somo la hesabu. Ni zile zile za kujumlisha na kutoa. Usizichanganye hata siku moja.

Angalia vichwa hivyo. Je, vimeota unga mweupe au wa kijani? Shika waya uliofungwa kwenye kichwa na ujaribu kuuzungusha kwa mkono. Ukizunguka, umelegea. Unga na ulegevu huzuia umeme. Betri yaweza kuwa nzima kabisa, lakini nguvu yake haifiki kwenye stata.

Jinsi ya kusafisha:

(1) Zima kila kitu na utoe ufunguo.
(2) Fungua kwanza waya wa alama ya –. Kisha fungua wa alama ya +.
(3) Mimina maji ya moto yenye magadi kidogo juu ya unga. Utaona povu. Magadi yanaua asidi. Angalia vifuniko vya betri viwe vimefungwa, ili magadi yasiingie ndani.
(4) Sugua vichwa na ncha za waya kwa msasa au brashi ya waya mpaka ving'ae. Suuza kwa maji safi, kausha.
(5) Funga kwanza waya wa +. Mwisho funga waya wa –. Kaza vizuri.

Ufuate pia waya wa – mpaka mwisho wake. Umefungwa kwenye injini au kwenye bodi ya gari. Hapo napo hushika kutu, na watu wengi husahau kupaangalia.

Kama betri yako ina vifuniko vinavyofunguka, angalia maji. Yafunike vile vibati vya ndani. Yakipungua, ongeza maji ya betri yanayouzwa madukani. Usitie maji ya mto wala ya kisima, maana yana chumvi. Usiongeze asidi.

Mwenye mita ya umeme aweza kupima. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12 au pungufu, umeme wake umekwisha. Injini ikiwaka, mita ipande kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri haipati umeme mpya.

Umeme huo mpya hutengenezwa na altaneta. Altaneta huzungushwa na mkanda ulio mbele ya injini. Mkanda ukikatika au ukilegea, altaneta haizunguki vizuri. Betri hutoa tu bila kupokea. Ni kama debe la nafaka: ukichota kila siku bila kujaza, litakwisha hata kama debe ni jipya.

5. MFANO: BETRI MBILI KWA MWEZI MMOJA

Tuchukue mfano wa kijiji chenye gari moja la kubebea mizigo. Gari lilikataa kuwaka. Kamati ikanunua betri mpya kwa fedha za mauzo ya pamba. Baada ya wiki tatu gari likakataa tena. Dereva akaenda kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi mjini.

DEREVA: Shikamoo, Mzee.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Gari halijambo?

DEREVA: Halijambo hata kidogo, Mzee. Limekataa kuwaka. Kamati inataka kununua betri nyingine.

FUNDI: Nyingine? Ile ya mwezi uliopita imekwenda wapi?

DEREVA: Imekufa. Wanasema duka limetuuzia betri mbovu.

FUNDI: Na ile ya kwanza kabisa?

DEREVA: Tuliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

FUNDI: Mwanangu, betri mbili haziwezi kufa kwa mwezi mmoja bila muuaji. Niambie, unapoendesha, kuna taa yoyote nyekundu inayowaka mbele yako?

DEREVA: Ipo moja, ina picha ya kisanduku chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Ilianza kuwaka zamani kidogo.

FUNDI: Nawe ukafanyaje?

DEREVA: Niliibandika karatasi, Mzee. Usiku ilikuwa inaniumiza macho.

FUNDI: (Anacheka, kisha ananyamaza.) Taa ile ni mjumbe. Alikuja kukwambia kwamba betri haipati umeme. Wewe ukamziba mdomo. Twende tukauone mkanda.

Walifungua boneti. Mkanda ulikuwa umechakaa na kulegea. Fundi aliubonyeza kwa kidole gumba, ukazama ndani kama kamba ya kuanikia nguo. Walinunua mkanda mpya, wakaukaza. Betri "iliyokufa" ilichajiwa usiku mmoja. Asubuhi gari likawaka.

DEREVA: Mkanda tu, Mzee?

FUNDI: Mkanda tu. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya betri. Lakini hasara yenu si ya fedha peke yake. Juzi usiku mmempeleka mama mjamzito hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe.

DEREVA: Ni kweli. Tunashukuru walifika salama, yeye na mtoto.

FUNDI: Safari hii mmefika salama. Kaibandue ile karatasi.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Taa nyekundu ni ufa. Betri mbili ni ukuta.

6. STATA INAZUNGUKA, INJINI HAISHIKI

Hii ndiyo sauti ya nne. Usiendelee kuzungusha stata bila kikomo. Zungusha kwa sekunde 10 tu, kisha pumzika dakika moja. Ukizidisha, utaunguza stata na kumaliza betri. Ubovu mmoja utakuwa mitatu.

Kama stata inazunguka kwa wepesi na kasi kuliko kawaida, acha mara moja. Huenda mkanda wa ndani ya injini, ambao mafundi huuita mkanda wa taimingi, umekatika. Kuendelea kuzungusha kwaweza kuharibu injini. Hapo mwite fundi.

Kama mzunguko ni wa kawaida, fuata mpango huu:

MAFUTA. Magari mengi ya petroli yana pampu ya umeme ndani ya tangi. Geuza ufunguo mpaka taa za mbele ya dereva ziwake, bila kuzungusha stata. Katika magari mengi utasikia pampu ikinguruma kidogo, "vuuu," kwa sekunde mbili hivi. Usiposikia kitu, angalia fyuzi yake. Fyuzi iliyokatika huonekana waya wake wa ndani umeachana. Weka nyingine yenye namba ile ile. Usifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Gari huweza kuungua.

Mafuta yenyewe nayo huweza kuwa na kasoro. Maji yakiingia kwenye petroli, injini haishiki. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa pia huitesa injini. Wafanyabiashara wasio waaminifu walifanya hivyo kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuukomesha mchezo huo. Kama gari limekataa mara tu baada ya kutiwa mafuta, mweleze fundi jambo hilo.

Kama unasikia harufu kali ya petroli na hakuna mahali panapovuja, injini imekunywa mafuta kupita kiasi. Ngoja dakika 10. Kisha kanyaga mafuta mpaka chini, usiachie, na uzungushe stata kwa sekunde chache. Ikishika, achia taratibu. Lakini ukiona petroli inadondoka, usiwashe kabisa. Ufa huo uzibwe kwanza.

HEWA. Fungua kisanduku cha chujio la hewa. Katika barabara zetu za vumbi chujio huziba upesi. Likung'ute vumbi. Likiwa jeusi na limeziba, libadilishwe. Angalia pia kama panya wamejenga kiota. Gari lililokaa wiki mbili karibu na ghala la mahindi huwa nyumba nzuri ya panya, na panya hutafuna nyaya.

CHECHE. Wakati wa masika maji hurukia injini. Nyaya za plagi zikilowa, umeme hupotea njiani. Zifute kwa kitambaa kikavu na uhakikishe kila waya umeingia vizuri mahali pake. Plagi iliyochakaa au yenye masizi mengi haitoi cheche nzuri. Usishike waya wa plagi stata inapozunguka. Umeme wake ni wa maelfu ya volti.

7. GARI LA DIZELI

Injini ya dizeli imepewa jina la Rudolf Diesel, Mjerumani, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897. Injini hii haina plagi za cheche. Hubana hewa kwa nguvu mpaka hewa inakuwa ya moto sana, kisha mafuta hurushwa ndani na kuwaka yenyewe.

Kwa hiyo injini ya dizeli ikiwa baridi hukataa. Magari mengi ya dizeli yana plagi za joto. Geuza ufunguo, ngoja taa yenye picha ya waya uliojikunja izime, ndipo uzungushe stata. Katika nyanda za baridi, kama Makete au Mbulu, asubuhi za mwezi wa saba dereva asiyengoja atamaliza betri bure.

Jambo la pili: usiache tangi la dizeli likauke. Likikauka, hewa huingia kwenye mipira ya mafuta. Hata ukitia mafuta mengine, gari halitawaka mpaka hewa ifukuzwe. Magari mengi yana pampu ndogo ya mkono juu ya chujio la mafuta kwa kazi hiyo. Mwombe fundi akuonyeshe mara moja, ujifunze.

8. MAGARI YA SIKU HIZI

Gari lisilo na klachi halizungushi stata kama gia haipo kwenye P au N. Sogeza gia, kanyaga breki, jaribu tena. Herufi moja tu huweza kuwa ndiyo sababu ya taabu yote.

Magari mengi ya karibuni yana ufunguo wenye kifaa kidogo ndani. Gari lisipoutambua ufunguo, halitawaka au litawaka na kuzima. Mara nyingi utaona taa yenye picha ya ufunguo au kufuli. Jaribu ufunguo wa akiba. Ufunguo uliochongwa mtaani waweza kufungua mlango lakini usiwashe injini.

9. KUSUKUMA NA KUAZIMA UMEME

Gari lenye klachi, likiwa na betri dhaifu, laweza kuwashwa kwa kusukumwa. Chagua mahali tambarare. Washa ufunguo, kanyaga klachi, tia gia ya pili. Watu wasukume. Gari likienda mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, achia klachi kwa ghafla. Injini ikishika, kanyaga klachi tena. Wanaosukuma wakae nyuma, wala asiwepo mtoto kati yao. Usisukumie mteremkoni. Injini ikiwa imezima, breki na usukani huwa vizito. Gari lisilo na klachi halisukumwi ili liwake.

Kuazima umeme wa gari jingine kunahitaji waya mbili nene. Magari yasigusane. Fuata mpango huu:

(1) Waya wa kwanza: + ya betri iliyokwisha.
(2) Ncha yake ya pili: + ya betri nzima.
(3) Waya wa pili: – ya betri nzima.
(4) Ncha yake ya mwisho: chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Mahali hapo hutoka cheche, ndiyo maana tunapaweka mbali.

Washa gari zima, ngoja dakika tano, kisha washa lile bovu. Likiwaka, ondoa waya kwa kurudi nyuma: anza na (4), maliza na (1).

Kumbuka: kusukuma na kuazima si matengenezo. Ni kuvuka siku tu. Sababu bado ipo, nawe bado una kazi ya kuitafuta.

10. DAFTARI LA GARI

Sasa unajua kusoma na kuandika. Utumie ujuzi huo. Kila gari la kijiji liwe na daftari lake. Dereva aandike mambo haya:

- Tarehe, na namba ya kilomita.
- Lita za mafuta alizotia, na mahali aliponunua.
- Dalili: "Leo limewaka mara ya tatu." "Taa nyekundu ya betri imewaka njiani."
- Kipuri kilichobadilishwa na bei yake.

Daftari humsaidia fundi kuona tatizo lilianza lini. Huisaidia kamati kuona fedha zimekwenda wapi. Humsaidia dereva mwenyewe asisingiziwe. Maneno husahaulika. Maandishi hubaki.

Fundi ana kazi yake, nasi tunamhitaji. Lakini unapokwenda kwake, usiseme tu, "Gari bovu." Mwambie: "Stata inazunguka vizuri. Taa ni kali. Mafuta yamo. Chujio la hewa nimelisafisha. Pampu ya mafuta siisikii." Fundi akisikia hivyo atajua anazungumza na mtu anayelijua gari lake.

MASWALI

1. Taja mambo manne yanayohitajika ili injini ya petroli iwake.
2. Stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki. Je, utanunua betri? Kwa nini?
3. Unapofungua betri, waya upi hufunguliwa kwanza? Unapofunga, upi hufungwa mwisho?
4. Katika mfano wetu, dereva aliifanyia nini taa nyekundu? Matokeo yalikuwa nini?
5. Hesabu: Taa mbili kubwa hutumia ampea 9 kwa jumla. Betri iliyojaa ina ampea-saa 45. Dereva amesahau taa saa tatu usiku. Betri itakwisha saa ngapi?
6. Jadilianeni: Gari la kijiji likiharibika, ni nani huamua kipuri cha kununua? Je, sababu huwa imepatikana kwanza?

KAZI YA DARASA

Mwombeni mwenye gari aliye karibu awafungulie boneti. Tafuteni betri, mkanda, chujio la hewa na masanduku ya fyuzi. Kila mmoja aandike majina ya vitu alivyoviona. Kisha tengenezeni ukurasa wa kwanza wa daftari la gari hilo.